Kubebana kwa Intaneti: Mtandaopepe wa Simu kutoka Mpakani Busia hadi Budalang'i

Neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, linahusishwa na mji wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo katika kipande cha ardhi kilichotenga kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, huku wakinadi kwa Kiingereza kwamba safari yao ni ya kutoka mpaka hadi mpaka. Mwendesha baiskeli huyo hakuwa na barabara yake mwenyewe, wala hakumpa abiria baiskeli. Alichokuwa nacho ni kiti cha nyuma na nguvu za miguu, na kila aliyepanda alimpunguzia mwendo na kumwongezea jasho. Kazi ya namna hiyohiyo hufanywa leo na simu ya mkononi pale mwenyewe anapowasha hotspoti ili jamaa aliye karibu apate intaneti, na wengi wanaobebana hivyo kuanzia Malaba na Busia mpakani hadi Port Victoria kando ya ziwa hawajapata kuelezwa kinachobebwa ni nini, anayekibeba ni nani, na gharama inamwangukia nani.

Katika mipangilio ya Kiswahili ya simu za Android, hotspoti imepewa jina la mtandaopepe, na kitendo chenyewe huitwa kusambaza mtandao. Jina la kwanza ni zuri na linastahili kuzoeleka, lakini la pili linaweza kuwachanganya Wakenya, ambao tangu 2005 wamelijua neno sambaza kuwa ni huduma ya Safaricom ya kumhamishia mtu mwingine salio la simu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa. Anayemsambazia ndugu yake salio la shilingi 50 huzitoa katika hesabu yake zikaingia katika hesabu ya ndugu huyo, ambaye atazitumia apendavyo hata akiwa Mombasa. Anayewasha mtandaopepe hahamishi chochote, kwa maana kifurushi cha data, au bando kama wengi wanavyosema, hubaki katika laini yake, na mgeni hukitumia akiwa karibu tu, na kwa muda ule tu ambao mwenye simu ameridhia.

Simu inayosambaza mtandao hutumia redio mbili kwa wakati mmoja. Redio ya kwanza huwasiliana na mnara wa kampuni ya simu, ambao unaweza kuwa umbali wa kilomita kadhaa, kwa mawimbi ambayo kampuni hiyo imeruhusiwa kuyatumia na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Redio ya pili ni ya Wi-Fi, teknolojia ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997 na taasisi ya kimataifa ya wahandisi iitwayo IEEE, na ambayo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 au 5 yaliyoachwa wazi kwa watu wote mradi nguvu ya kifaa iwe ndogo. Kati ya redio hizo mbili, simu hufanya kazi ya ruta, yaani kifaa kinachopokea vipande vya data, kikasoma anwani ya kila kipande na kukielekeza kinakotakiwa kufika.

Suala la anwani ndilo kiini cha ufundi wote huu. Kila kifaa kinachotumia intaneti huhitaji anwani ya namba ili majibu yajue pa kurudi, lakini mfumo wa zamani wa anwani hizo, unaoitwa IPv4, una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu, idadi isiyoweza kutosha dunia yenye watu zaidi ya bilioni 8, ambao wengine wana vifaa vitatu kila mmoja. Kwa sababu hiyo simu yenye mtandaopepe huwagawia wageni wake anwani za ndani, zisizotambulika nje ya pale walipo, kisha hugeuza kila ombi linalotoka ili lionekane kuwa ni lake yenyewe, na jibu linaporudi hukumbuka ni mgeni gani aliyeuliza na kumpelekea. Mnara hauwaoni vijana wanne waliokaa kibarazani. Unachokiona ni simu moja yenye njaa ya watu wanne. Ndiyo maana gharama yote hukatwa katika laini moja, na ndiyo maana pia jambo ovu likitendwa mtandaoni na mmoja wa wale wanne, alama zake za kwanza humwelekea mwenye laini.

Uwezo huu haukuwa wa kila mtu tangu mwanzo. Simu za Android zilianza kusambaza Wi-Fi kwa toleo la 2.2 lililotoka mwaka 2010, na iPhone zikafuata mwaka 2011. Kabla ya hapo aliyetaka kuipatia kompyuta intaneti ya simu kwa kawaida alilazimika kutumia waya, au Bluetooth, au kununua modemu ya kuchomeka.

Njia hizo za zamani hazijafa, na kwa mkazi wa kijiji kisicho na umeme wa uhakika huenda zikamfaa kuliko hiyo mpya. Bluetooth ilibuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi kuanzia mwaka 1994, ikapewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyesifiwa kwa kuunganisha makabila yaliyotengana. Maana ya jina hilo ni jino la buluu, habari ambayo haijamsaidia mtu yeyote kuunganisha simu. Kasi yake ni ndogo, kwa kuwa hata katika hali nzuri haizidi megabiti chache kwa sekunde, na kwa kawaida haifiki mbali kupita mita 10, lakini hula betri kidogo sana kuliko Wi-Fi, na kasi hiyo ndogo inatosha kabisa kwa ujumbe wa maandishi, barua pepe au kusoma habari. Waya wa USB nao hutoa muunganisho imara kuliko zote, na kama kifaa kinachopokea ni kompyuta, simu hupata chaji palepale inapofanya kazi. Wi-Fi ina sifa ya kasi na ya kuwabeba wengi, kwa kuwa simu nyingi hukubali wageni watano hadi kumi, ila simu huchemka na betri huisha haraka, maana redio zote mbili zinafanya kazi bila kupumzika.

Watu wengi hulaumu mtandaopepe kwa mwendo wa polepole ambao kwa kweli chanzo chake ni mnara. Njia kati ya simu mbili zilizo chumba kimoja ni pana, na njia kati ya simu na mnara ndiyo nyembamba, hivyo anayesogeza simu ya mgeni karibu na simu ya mwenyeji anasogeza kisichohitaji kusogezwa. Inayofaa kutafutiwa mahali pazuri ni simu ya mwenyeji. Katika nyumba ya mabati, hasa ile iliyoezekwa na kuzungushiwa bati pande zote, mawimbi ya mnara hugonga bati yakarudi, na simu iliyo ndani huambulia yanayopenya dirishani na mlangoni. Simu hiyohiyo ikiwekwa kwenye kizingiti cha dirisha, au ikaning'inizwa mlangoni kwenye mfuko, yaweza kuona mnara vizuri huku wageni wakiendelea kuipata Wi-Fi yake kutoka ndani. Aidha, pale simu ya zamani inaposhindwa kabisa kuuona mtandaopepe wa simu mpya, mara nyingi sababu ni kwamba mpya inarusha mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ile ya zamani haina masikio ya kuyasikia. Mwenyeji akichagua gigahezi 2.4 katika mipangilio, jina la mtandao hutokea mara moja. Mawimbi hayo ya 2.4 yana faida nyingine ya kupenya ukuta wa udongo au wa matofali vizuri zaidi.

Malalamiko yanayosikika kuliko yote ni ya bando linaloyeyuka. Mtu hununua gigabaiti moja asubuhi, akamwashia rafiki hotspoti kwa nusu saa ili atume ujumbe tu, kisha ujumbe wa kampuni ukaja kumwarifu kwamba kifurushi kimekwisha, na urafiki ukaingia doa. Mara nyingi rafiki hakudanganya. Iliyodanganyika ni simu yake. Programu nyingi zimeundwa katika nchi ambako Wi-Fi ni ya nyumbani, inayolipiwa kwa mwezi na isiyopimwa, na kwa hiyo zimefundishwa kubana matumizi zinapokuwa kwenye data ya laini na kujiachia zinapoona neno Wi-Fi. Simu ya mgeni ikishaunganishwa na mtandaopepe huamini imefika nyumbani: WhatsApp hupakua picha na video zote zilizokuwa zikingoja katika makundi, hifadhi ya picha huanza kupandisha maktaba nzima, na duka la programu husasisha kila kilichopitwa na wakati. Kompyuta ni hatari zaidi, kwa sababu masasisho ya Windows peke yake yanaweza kuwa ya mamia ya megabaiti, na saa moja ya video ya ubora wa juu hula gigabaiti moja hadi tatu.

Dawa ipo na si ngumu. Katika simu ya mgeni, mtandao huo unaweza kuwekwa alama kuwa ni wenye kupimwa, na katika Windows upo uchaguzi wa namna hiyohiyo; baada ya hapo kifaa hurudia tabia zake za ubahili. Baadhi ya simu za mwenyeji nazo zina kikomo cha data, ambacho kikifikiwa mtandaopepe hujizima wenyewe. Yafaa hatua hizi zichukuliwe kabla ya kuunganishwa, si baada, kwa kuwa dakika tatu za mwanzo ndizo ambamo programu hukimbilia lango zote kwa pamoja kama abiria wa matatu ya mwisho.

Mpakani suala hilo la gharama huongezeka uzito. Mawimbi ya redio hayana pasipoti. Mnara uliosimama upande wa Uganda husikika upande wa Kenya na kinyume chake, na simu iliyoachwa ichague mtandao yenyewe yaweza kumhamishia mwenyewe Uganda ingawa yeye amekaa kwenye kiti chake Malaba. Hali hiyo ya kuhudumiwa na kampuni ya nchi nyingine huitwa romingi. Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia katika jambo hili, kwa kuwa mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania ili mteja apige simu kwa bei ya kienyeji katika nchi zote tatu, na kuanzia mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha eneo la mtandao mmoja lililopunguza gharama za kupiga na kuondoa ada ya kupokea simu. Hata hivyo mipango hiyo ilitilia mkazo simu za sauti, na bei ya data katika romingi imebaki kutegemea kampuni na kifurushi. Mwenye kuwasha mtandaopepe simu yake ikiwa imeshika mnara wa ng'ambo huwalipia wageni wake wote kwa bei hiyo, na wageni hawana njia ya kulijua hilo, kwa sababu kwao kinachoonekana ni jina la Wi-Fi tu. Herufi ndogo R inayotokea juu ya kioo cha simu nyingi, pembeni mwa alama ya mnara, inastahili kutazamwa kabla ya kumkubalia mtu. Na mwenye kukaa karibu na mpaka hufanya vyema kuzima romingi ya data, au kuchagua mtandao wake kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Mazingira hayohayo yanayoleta hasara huleta pia faida. Wafanyabiashara, mawakala wa forodha na madereva wa malori wanaopita katika vituo vya pamoja vya mpakani Busia na Malaba wana sababu ya kumiliki laini za nchi zote mbili, mara nyingi ndani ya simu moja yenye nafasi mbili, na mtu wa aina hiyo akihamishia data kwenye laini ya Uganda huweza kumwashia mwenzake mwenye laini ya Kenya pekee, ambaye sasa anatumia mtandao wa Uganda bila kuingia katika romingi hata kidogo. Kwa mtazamo wa mnara, mgeni hayupo.

Tofauti za sera kati ya nchi hizi mbili zimeupa ujanja huo maana isiyo ya kibiashara tu. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila atakaye kutumia mitandao ya kijamii, kodi ambayo mwaka 2021 iliondolewa na kubadilishwa na asilimia 12 ya bei ya data. Na uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 ulifanyika intaneti ikiwa imezimwa nchini humo, hadi iliporudishwa tarehe 18 mwezi huohuo. Amri ya kuzima ilizifikia kampuni zenye leseni ya Uganda. Minara ya Kenya haikuwa chini yake, na laini ya Kenya iliyoshika mnara wa Kenya haikuguswa hata kama mwenye nayo alikuwa amesimama hatua chache ndani ya Uganda.

Kusini mwa mji wa Busia, mahali ambapo mto Nzoia unamaliza safari yake ya zaidi ya kilomita 250 kutoka nyanda za juu za Cherangany na Mlima Elgon na kuingia Ziwa Victoria, liko eneo la Budalang'i, ambalo jina lake hutajwa katika taarifa za habari hasa wakati wa mafuriko. Ardhi ya hapo ni tambarare na imelindwa na tuta la mto, ambalo likipasuka maji huingia vijijini na watu huhamia kwenye sehemu za juu na katika viwanja vya shule. Mwezi Mei 2020 mambo mawili yalikutana, mto kufurika na ziwa kupanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kiwango kilichopita rekodi ya mwaka 1964, na familia nyingi zilipoteza makao.

Katika mazingira kama hayo mtandaopepe hubadilika kutoka fadhila ya kibarazani na kuwa chombo cha dharura, na kanuni zake hubadilika pia. Kinachokuwa adimu si bando tena bali chaji. Simu kumi zilizowashwa data katika kambi moja hukesha zikitafuta mnara mmoja uliolemewa, na kila moja humaliza betri yake. Ni afadhali simu moja, iliyo mahali pa juu na yenye pawabanki au paneli ndogo ya sola, iwashe mtandao kwa saa zinazojulikana, nyingine zizime data na kujiunga kwa zamu. Simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi zaidi kurusha sauti yake, kwa hiyo kupunguza idadi ya zinazorusha ni kuokoa betri za wote.

Isitoshe, si kila kinachohitaji kushirikiwa kinahitaji intaneti, na hapa ndipo makosa ya kawaida hutokea. Budalang'i ina redio ya jamii, Bulala FM, iliyoanzishwa kwa mkono wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ili maonyo ya mafuriko yawafikie wakazi kwa lugha yao. Onyo kama hilo likisharekodiwa katika simu moja, kulipeleka kwa jirani kwa njia ya WhatsApp ni kulituma hadi kwenye seva za ng'ambo na kulirudisha hatua tano kutoka lilipotoka, kwa gharama ya bando mara mbili. Ilhali Bluetooth, au programu za kurushiana faili kama Xender na Quick Share, hulihamisha moja kwa moja kati ya simu na simu bila kutumia hata baiti moja ya kifurushi, na hufanya hivyo hata mnara ukiwa umekufa. Fundi wa mitambo anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Kwa mtu aliyezungukwa na maji, ndilo linaloamua kama ujumbe utafika.

Majaribio makubwa zaidi ya kufikisha intaneti vijijini yamekuja na kuondoka. Mnamo Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kutoa huduma kwa maputo yaliyoelea yapata kilomita 20 juu ya maeneo ya magharibi na kati ya Kenya, na Januari 2021 ikatangaza kuwa inafunga kazi kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha. Maputo hayapo, simu ya jirani ingalipo.

Imebaki kueleza upande wa usalama. Mtandaopepe usio na nenosiri ni nyumba isiyo na mlango, na mwenye kupita barabarani anaweza kuingia na kutenda jambo kwa jina la mwenye laini. Kiwango cha ulinzi kiitwacho WPA2, kilichoanza mwaka 2004, na mrithi wake WPA3 wa mwaka 2018, kwa kawaida hutaka nenosiri lisilopungua herufi nane, na si busara nane hizo ziwe namba moja hadi nane, wala namba ya simu ya mwenyewe. Kwa upande wa mgeni, tahadhari ni kinyume chake: katika stendi au kituo cha mpakani, mtandao usiojulikana unaotoa intaneti bure unaweza kuwa umewashwa na mtu anayetaka kutazama yanayopita, na haifai kuutumia kufungulia hesabu ya benki au kuandikia namba za siri. Wapo pia wanaofikiria kuugeuza ukarimu huu kuwa biashara ya kuuza dakika za Wi-Fi kibandani. Hao wafahamu kwamba nchini Kenya kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Msomaji anayeishi karibu na tuta la Nzoia, iwe ni Rukala, Makunda au Musoma, aombwe jambo moja kabla mvua za Machi hazijaanza: afungue mipangilio ya simu yake, aupe mtandaopepe wake jina ambalo majirani watalitambua na nenosiri wanaloweza kulikumbuka gizani, kisha awaalike wajiunge mara moja na kutoka, kwa sababu simu iliyowahi kuunganishwa huhifadhi nenosiri hilo na huunganika yenyewe siku nyingine.